Aongeze Juhudi

Simu yangu inanuka vibua. Nikiipeleka kwa fundi huishika kwa ncha za vidole viwili, ananiuliza, "Shekhe, hii ilizama?" Haikuzama. Mie nauza samaki Soko la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, na skuli anayosoma binti yangu haitumi habari ila pale mikono yangu yote miwili imo ndani ya tumbo la jodari. Simu inalia. Najifuta kwenye aproni, natafuta kidole kimoja kisicho na magamba, nafungua. "Amin."

Amin ya nini? Napandisha juu. Amin. Amin. Allahumma amin. Napandisha tena. Kumbe kuna mzee mwenzetu kaweka dua ya kuanzia wiki, na gurupu zima la Wazee Darasa la Tano limeitikia mmoja mmoja, kwa zamu. Mteja kasimama ananitazama, nzi nao wamepata nafasi yao. Chini ya Amin kuna mtu anauza madera ya Eid, rangi zote, kwa bei ya jumla. Chini ya madera, Amin iliyochelewa. Na baina ya hayo yote, limebanwa tangazo la mwalimu la jana saa nne za usiku: kesho watoto watapewa dawa ya kichocho, kila mzee ahakikishe mtoto amekula kabla ya kutoka nyumbani.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Na mtoto keshatoka.

Sasa dawa ya kichocho si habari ya kufukiwa chini ya madera, jamani. Walioipata skuli wanaijua. Mtoto anasimamishwa kwenye ule mti uliochorwa mistari, kimo chake ndicho kinachosema ameze vidonge vingapi, na vidonge vyenyewe vikubwa, vichungu, ukivimeza na tumbo tupu vinakuzungusha kichwa na kila ulichokula jana unakiona tena. Binti yangu asubuhi hatii kitu mdomoni. Mama yake humwekea chai na boflo, yeye huviangalia tu, kisha huaga.

Nikampigia mwalimu, hakupokea. Haki yake, yumo darasani. Nikamwita kijana wa bodaboda, nikampa chapati mbili na chai kwenye chupa, nikamwambia kimbia. Kafika getini, mlinzi kamzuia. "Una barua?" Barua ya nini? "Barua ya kuruhusiwa kuingiza kitu." Wameshindana pale hadi chai imepoa. Nilivyokuja kuambiwa baadaye, chapati alizila mlinzi, kwa sababu za kiusalama. Mtoto wangu aliokolewa na bibi anayeuza mihogo na kachori nje ya geti, alimpa sahani ya mihogo kwa deni. Huyo bibi mshikeni kichwani, nitarudi kwake.

Msinifahamu vibaya. Mie sipingi kupewa habari. Zamani tulikuwa hatupewi kabisa. Mzee wangu hakujua hata nasoma darasa la ngapi, akiulizwa hujibu, "Anasoma." Na mambo mengine tuliyajua bila kutangaziwa. Sisi wa Fuoni, kabla hatujajengewa daraja la Kibondemzungu, masika yakipamba moto maji yakijaa pale basi huendi mjini, huendi skuli, tangazo lilikuwa maji yenyewe. Siku hizi mvua inanyesha tangu alfajiri, mtoto anakwenda, anarudi yuko chapachapa, kashavua, kashakunywa chai ya tangawizi, kalala, ndipo simu inalia: kutokana na hali ya hewa, leo hakuna masomo. Na chini yake, yakhe, watu wanaitikia "Ahsante kwa taarifa mwalimu." Ahsante ya nini na mtoto wako anapiga chafya!

Zipo na zile zinazofutwa. Mwalimu anaandika, anafuta. Hapo ndipo roho za watu zinaporuka. Simu yangu siku hiyo haipumziki. "Wewe uliuwahi? Ulikuwa unasemaje? Mbona kaufuta? Kuna mtoto kaumia?" Mama mmoja alifunga duka akaenda hadi skuli. Kumbe mwalimu alikuwa anamwagizia mumewe nazi mbili.

Michango nayo ina mlango wake. Kila mwaka mwezi wa Septemba Zanzibar tunakuwa na tamasha la Elimu Bila Malipo, kuikumbuka Septemba 23, 1964, siku Mzee Karume alipotangaza kuwa mtoto wa nchi hii atasoma bure. Jambo la heri hasa. Mzee wangu alikuwa akilisimulia hadi machozi yanamlenga. Sasa huu ni Juni tu, lakini wazee wenzangu washaanza: watoto wetu wasiende kwenye tamasha na fulana za mwaka jana. Elfu tano kila mzee. Yaani tunachanga kukumbuka kuwa ni bure. Tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa SI LAZIMA, na chini yake imewekwa orodha ya waliokwishatoa, jina kwa jina, na mbele ya jina langu pameachwa peupe, panang'aa.

Lakini lililonitoa jasho ni ile fomu. Nusu ya mwaka imefika, mtoto karudi na karatasi: Fomu ya Ustawi wa Mwanafunzi, ijazwe na mzazi au mlezi. Nikasema haya, hili ndilo la maana, wanataka kujua hali ya mtoto. Nikajifuta mikono, nikakaa barazani na kalamu. Swali la kwanza: mtoto analala saa ngapi? Nikaandika saa tatu. Mama yake akapita nyuma yangu akasema, "Saa tatu yupi? Huyu anayekesha chini ya shuka na simu yako?" Nikafuta. La pili: mtoto ana marafiki wangapi? Nikamuuliza mwenyewe. Akasema inategemea na siku. La tatu: kwa wiki mbili zilizopita mtoto amekuwa akijisikiaje, weka alama: furaha, huzuni, wasiwasi, hasira.

Nikamwita. "Mwanangu, unajisikiaje?"

Akanitazama. Mtoto wa darasa la tano, hajawahi kuulizwa swali hilo nyumba hii. "Kwani n'na nini, baba?"

"Huna kitu. Nauliza unajisikiaje."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu! Una furaha, huna furaha?"

Akaanza kulia. Bi mkubwa, mama yangu, alikuwa ndani anachambua mchele, akatoka na ungo mkononi. "Mtoto ana nini?" Nikamwambia hana kitu, ni fomu ya skuli. "Fomu imwulize mtoto kama ana huzuni, na wewe unasema hana kitu? Skuli wameshaliona jambo." Kabla ya magharibi keshatuma mtu kwa maalim alete kombe, sahani imeandikwa kwa zafarani, imesafishwa kwa maji ya waridi, mtoto kanywa kikombe kizima. Nikarudi kwenye fomu. Kwenye furaha nikaweka alama, maana yale maji ya waridi aliyapenda na aliomba tena.

Fomu ikaenda. Sijajibiwa hadi leo. Nadhani iko kabatini na wenzake wote wana furaha.

Kikao cha wazee sitakieleza sana, mwenye mtoto anakijua. Ajenda ya kwanza maendeleo ya wanafunzi, lakini mgeni rasmi kachelewa, basi ikaanzwa ya pili, mifereji ya vyooni, na mifereji ikatufikisha adhuhuri. Nilinyoosha mkono nikauliza, "Binti yangu yukoje?" Nikaambiwa kwa upole, mzee wetu, hilo la mtu mmoja mmoja tuonane baadaye. Baadaye nilikuta watu wengi wamepanga foleni na mwalimu kashika mkoba.

Tukapewa ripoti. Tabia: nzuri. Usafi: mzuri. Hesabu zimeporomoka, Kiingereza kimeporomoka, sayansi siitaji. Mwaka jana mtoto huyu alikuwa wa saba. Nikashuka hadi chini, pale kwenye maoni ya mwalimu wa darasa, nikijua hapa sasa nitaelezwa. Imeandikwa: Aongeze juhudi.

Nikamwazima jirani ripoti ya mwanawe, aliyeshika nafasi ya kwanza. Aongeze juhudi. Nikaangalia ya yule mtundu aliyevunja kioo cha ofisi. Aongeze juhudi. Kuna mtoto mmoja wazee wake walihamia Wete tangu Machi, ripoti yake ilikuwepo mezani, haina hata alama moja, na yeye aongeze juhudi.

Nikatoka pale nimekasirika, nikakumbuka deni la mihogo, nikaenda kwa bibi wa getini kulipa. Nilikwenda kulipa tu, wallahi. Nikakaa kwenye kiroba chake cha mkaa akaanza kunipa ripoti yeye. Bibi huyu hana gurupu wala fomu, ana karai la mafuta na kipande cha boksi cha kupepea moto, na anajua skuli nzima. Anajua mtoto gani mama yake kaondoka kwenda kufanya kazi Oman na tangu hapo hali kachori, hununua akampa mwenzake. Anajua nani na nani hawasemezani, na walikosania nini. Anajua nani hupewa mia tano na nani hupewa mikono mitupu, na hao wa mikono mitupu huwaita waje "kumsaidia kuhesabu bakuli", kisha huwalipa bajia.

"Na wangu?" nikamuuliza.

"Wako haoni," kasema, huku anageuza kachori.

"Haoni vipi?"

"Haoni, baba. Wenziwe wanacheza nage, yeye hachezi, mpira unampiga usoni. Na akija hapa sarafu huileta hadi puani ndiyo ajue mia au mia mbili. Nilidhani mnajua."

Nilipe kiasi gani? Nikatoa elfu moja, akanirudishia chenji kamili. Ingekuwa skuli tungechangia.

Sasa mwalimu wa darasa ni mteja wangu. Kila Alhamisi akitoka kazini hupita Mwanakwerekwe kununua samaki wa Ijumaa. Siku zote tukikutana mezani tunazungumza bei tu, nikimuuliza ya mtoto hunijibu, "Nitaweka kwenye gurupu, baba." Alhamisi ile akaja, akachagua changu wawili wazuri, akasema nimparulie. Nikasema ahlan. Nikachukua kisu butu.

Sijawahi kuparua samaki polepole namna ile. Gamba moja, nalitazama, nalifuta. Gamba jingine. Samaki wake nimemshika mie, kisu ninacho mie, mwalimu ataenda wapi? Nikasema, "Mwalimu, binti yangu haoni ubaoni."

Akashusha mkoba. "Najua," kasema. "Nilimweka mbele, lakini mbele wanataka kukaa wote, akarudi nyuma. Tangu hapo ananakili kwa mwenzake."

"Na mwenzake?"

"Mwenzake ndiye anayekosea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuandikia kwenye ripoti."

"Umeandika aongeze juhudi!"

"Ndiyo hiyo hiyo, baba," kasema, bila ya kucheka. "Pale pana msitari mmoja tu."

Nikaparua gamba jingine. Yeye mwenyewe kaendelea. Asubuhi anafundisha mkondo mmoja, mchana humshikia mwenzake mkondo wa pili, madaftari huyabeba nyumbani kwa kiroba, na hiyo saa nne ya usiku tunayomlaumu ndiyo kwanza anakaa kitako. Watoto anawajua mmoja mmoja, hilo nililiona, maana wakati nafika kwenye mkia wa changu wa pili alikuwa keshanieleza habari za nusu ya darasa. Akipewa mtu na kiti angesema. Anapewa msitari.

Binti nimempeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, kapimwa macho, kaandikiwa miwani. Alipoivaa tu kanigeukia, kanikazia macho muda mrefu, akasema, "Baba, kumbe una mvi." Bi mkubwa mpaka leo anasema ni kombe.

Gurupu linaendelea. Leo asubuhi kulikuwa na Amin nyingine, sijafungua. Mie habari zangu napata Alhamisi, kwa kisu kile kile butu, na mwalimu nampunguzia elfu mbili kwenye kilo. Wazee wenzangu washanusa. Wiki iliyopita walikuja watatu wakasimama pembeni ya meza, hawanunui, wamejifanya wanamshangaa nguru. Nikawaambia anayetaka kusikia na achague fungu.

Usiku mama watoto anahesabu mauzo. "Mbona pungufu?"

"Ada ya skuli," nikamwambia.

"Ada?" Akaacha kuhesabu. "Na ile elfu tano ya kusherehekea kuwa hakuna ada, ushaitoa?"