Bomu Chini ya Maji: Nafuu kwa Nani?

Wapo wanaosema kwamba ikiwa bomu la nyuklia ni lazima lijaribiwe, heri lilipuliwe chini ya maji. Bahari hunasa mabaki yenye mionzi, na upepo haupati vumbi la kusambaza. Hoja hiyo haipuuziki. Mei 1955, Marekani ililipua bomu la kilotani 30 hivi (nguvu ya tani 30,000 za baruti ya TNT) katika jaribio la Wigwam, mita 600 hivi chini ya Pasifiki, mbali na San Diego, na sehemu kubwa ya mionzi ilibaki majini, ikayeyukia katika bahari kuu.

Lakini pale kina kinapopungua, mambo hugeuka. Tarehe 25 Julai 1946, katika visiwa vya matumbawe vya Bikini, Pasifiki, Marekani ililipua bomu la Baker mita 27 tu chini ya maji. Nguzo ya maji ilipanda, ikaporomoka, ikazaa ukungu mzito wenye mionzi uliotambaa baharini na kuzifunika meli zilizowekwa kama shabaha. Sumu ambayo ingepaa na kutawanyika iliangukia palepale, ikanata kwenye mbao, kamba, rangi na kutu. Mabaharia walisugua sitaha kwa sabuni na maji, mionzi ikakaa. Hata meli walizokuwa wakiishi zikaanza kuchafuka kupitia mabomba ya maji ya bahari na mwani ulioota chini yake. Kilichomtisha zaidi Dkt. Stafford Warren, msimamizi wa usalama wa mionzi, ni plutoni, madini yenye mionzi yaliyomo ndani ya bomu, ambayo vipimo vya kawaida havikuweza kuigundua. Agosti usafishaji ukasimamishwa, na baadaye mlipuko wa tatu uliopangwa ukafutwa.

Watetezi hushika uchunguzi wa Taasisi ya Tiba ya Marekani wa 1996: vifo vya wanajeshi walioshiriki majaribio hayo ya Bikini ya 1946 vilizidi vya wenzao wasioshiriki kwa asilimia 4.6, ila ongezeko la vifo vya saratani halikuwa kubwa kiasi cha kuilaumu mionzi. Nayakubali matokeo hayo. Hata hivyo, waliohesabiwa ni wanajeshi tu. Wakazi 167 wa Bikini, waliohamishwa Machi 1946 ili kupisha majaribio, hawamo. Ni kweli kwamba kisiwa chao kilichafuliwa zaidi na mabomu ya baadaye, hasa Bravo la 1954, lakini ghuba iliyopokea uchafu wa Baker ndiyo waliyokuwa wakivua samaki.

Kwa hiyo naona mkataba wa 1963 ulitenda haki ulipopiga marufuku majaribio chini ya maji sawasawa na yale ya angani, bila kuacha mwanya kwa kina chochote.