Jeni za Waneandathali: mzigo au kinga?

Miaka kama 47,000 iliyopita, watu wa jamii yetu waliotoka Afrika walikutana na Waneandathali, jamii ya watu wa kale iliyokwisha kutoweka, na kuzaa nao. Tangu kundi la mwanajenetiki Svante Pääbo lilipochapisha rasimu ya jenomu (jumla ya urithi wa kijenetiki) ya Waneandathali mwaka 2010, tunajua kwamba urithi huo bado tunao. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wanao kwa takriban asilimia 1 hadi 2 ya jenomu yao. Waafrika nao wanao kidogo, ulioletwa na wahamiaji waliorejea barani.

Je, unatuumiza au unatulinda? Wanaouona mzigo wana hoja nzito. Mwaka 2020 mtafiti Hugo Zeberg na Pääbo walionyesha kuwa kipande kimoja cha kromosomu ya 3 (kromosomu ni nyuzi za seli zinazobeba jeni), kilichotoka kwa Waneandathali, kiliongeza hatari ya kuugua vibaya UVIKO-19. Asia Kusini takriban nusu ya watu wanacho. Ulaya ni kama asilimia 16.

Wanaouona kinga hutaja Tibet, eneo la milima mirefu barani Asia. Mtu wa nyanda za chini akikaa milimani kwa muda mrefu, mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi kupita kiasi, damu ikawa nzito na moyo ukalemewa. Watibeti wengi wana aina ya jeni ya EPAS1 inayozuia hali hiyo, nayo ilitoka kwa Wadenisova, ndugu wa Waneandathali.

Mimi naona pande zote mbili zinauliza swali pungufu, na ushahidi uko kwenye kipande kilekile cha kromosomu ya 3. Mwaka 2022 Zeberg alikuta kwamba waliokirithi wana hatari ndogo ya kuambukizwa VVU, kwa takriban asilimia 27. Jirani ya kipande hicho kuna jeni ya CCR5, inayotengeneza protini ambayo VVU huitumia kama mlango wa kuingilia kwenye seli. Wenye kipande hicho wana protini hiyo kwa uchache. Kitu kilekile kilichomlaza mtu hospitalini kwa ugonjwa mmoja kinamkinga na mwingine. Na kwa kuwa VVU ni virusi vya juzi tu, haviwezi kuwa sababu ya kipande hicho kuenea kiasi hicho.

Kuna zaidi. Kwenye kromosomu ya 12 kipo kipande kingine cha Waneandathali, nacho kinapunguza hatari ya UVIKO-19 mkali kwa takriban asilimia 22. Mtu mmoja anaweza kuvibeba vyote viwili.

Ndiyo maana hunikera kusikia vifo vya UVIKO-19 katika jamii fulani vikielezwa kwa jeni za kale peke yake. Umri ulikuwa na uzito mkubwa kuliko kipande chochote, na msongamano wa nyumba, aina ya kazi na upatikanaji wa matibabu haviandikwi kwenye kromosomu. Jeni inaweza kuongeza hatari. Haielezi kwa nini mgonjwa alichelewa kufikishwa hospitalini.

Kampuni zinazopima asili ya mtu kwa mate humpa mteja asilimia yake ya Uneandathali. Kiafya, tarakimu hiyo haina maana kubwa. Watu wawili wenye asilimia 2 kila mmoja wanaweza kuwa wamerithi vipande tofauti kabisa, na daktari anayetaka kujua jambo la maana atauliza ni vipande vipi.