Mwalimu amekomaa au amechoka?

Chuoni niliandika kurasa mbili za falsafa yangu ya ufundishaji: mwanafunzi ndiye kitovu, mwalimu ni mwezeshaji, kukaririsha ni dhambi. Mtaala wa Tanzania wa 2005, ulioweka umahiri mbele ya maudhui, ulihubiri hayo hayo, basi nikajiona nimeiva.

Kisha yakaja madarasa yenyewe. Watoto waliomiminika darasa la kwanza mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza, walinifikia darasa la saba mwaka 2022. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikuwa na 104 chumba kimoja. Makundi ya majadiliano yakageuka soko. Nikashika kibwagizo: "Hasi na hasi?" "Chanyaaa!" Utulivu ukarudi, na mwalimu mkuu akipita dirishani alionekana kuridhika.

Wapo wanaosema huko ndiko kukomaa, na hoja wanayo. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha ukimpa kigawe kidogo cha shirika, atakwama kabla hata hajaanza kufikiri. Chuo hakikuniambia hilo. Nililijua kwa kusahihisha madaftari. Wengine wanasema mwalimu wa namna hii hajabadili falsafa yoyote, amechoka tu, na uchovu wake anauita uzoefu. Hawa nilikuwa nawaona watu wa semina, wasioshika chaki.

Siku moja nikamwita binti mmoja ubaoni: -5 - 3. Akaandika 8.

"Kwa nini?"

"Hasi na hasi chanya, mwalimu."

"Haya. Dukani kwa Mangi mnadaiwa mia tano. Mama akakutuma ukakope tena ya mia tatu."

"Tunadaiwa mia nane," akajibu papo hapo, kama anayeshangaa kuulizwa. Kisha akaitazama ile 8 yake, akaifuta kwa kiganja.

Hesabu aliijua. Aliyempoteza ni mimi, na kibwagizo changu kilichomeza neno "mara": hasi mara hasi ndiyo chanya, si hasi kujumlisha hasi.

Hata hivyo sikurudi kwenye zile kurasa mbili. Jedwali bado tunaliimba dakika tano kila asubuhi, na silionei haya. Alama za hasi naanza na madeni, kanuni baadaye. Ila wale wa semina nao huwa wanasahau kwamba darasa la saba sehemu kubwa ya mtihani ni kuchagua herufi, na herufi haiulizi umefikaje. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu atavutwa na kibwagizo hata kama moyoni anakikataa. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, watakagua azimio la kazi na andalio la somo. Sijawahi kuulizwa ni mtoto gani aliyenibadilisha.

Mwisho wa andalio pana nafasi ya tathmini. Kwa miaka nimekuwa nikijaza: "Wengi wameelewa." Jioni ile niliandika: "Wamekariri nilichosema. Kesho nianze upya."