Asilimia 65 si ukavu: hesabu ya unyevu katika kuhifadhi biri

Kanuni anayopewa kila anayeanza kuhifadhi biri, zile sigara nene za jani tupu la tumbaku, ni ya 70 mara mbili: unyevu wa hewa asilimia 70, joto nyuzi 70 za Farenhaiti, yaani takriban 21 za Selsiasi. Inakaririka kwa urahisi, ndiyo maana imedumu. Anayesema zake anaziweka kwenye 65 huambiwa anazikausha.

Kanuni ya 70 ina haki yake. Jani la nje ni jembamba, na likiwa na unyevu huo hunyumbulika, hustahimili kushikwashikwa na sanduku kufunguliwa kila mara. Hofu ya ukavu nayo ina msingi. Biri ikikaa miezi kwenye 50, mafuta yanayobeba harufu na ladha hutoroka pamoja na maji. Maji utayarudisha taratibu, mafuta hayarudi.

Lakini 50 ni 50, na 65 ni 65. Chukua sanduku la lita 20 kwenye nyuzi 21 na asilimia 70. Mvuke wote uliomo hewani humo ni kama robo gramu. Biri 50 za gramu 10 kila moja ni nusu kilo ya tumbaku, na zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito huo ni maji: gramu 50 na ushei. Kipima unyevu kinasoma ile robo gramu tu. Ukifungua kifuniko namba inaporomoka, ukifunga inapanda tena, na muda wote huo tumbaku haina habari. Wengi huhangaika na namba hiyo, wakaongeza maji leo na kesho, mpaka zile gramu 50 zikawa 60 bila wao kujua.

Hesabu hiyohiyo inayaumbua majedwali yanayotaka asilimia ipandishwe joto linaposhuka, eti gramu za mvuke zibaki zilezile. Hiyo ni hesabu ya hewa tupu. Jani hufuata asilimia, si gramu za mvuke. Anayelitii jedwali hilo kwenye nyuzi 18 atafikishwa asilimia 83, na huko atapokewa na ukungu.

Tuje kwenye ladha. Kabla jani halijaungua, maji yaliyomo lazima yageuke mvuke kwanza, na kazi hiyo hula joto la kaa. Maji yakizidi, kaa hufifia na jani huungua nusunusu. Mvutaji anavuta kwa nguvu ili isizime, biri inapata moto ghafla, na ulimi unapata uchungu na ukali. Majani ya ndani nayo yamevimba, njia ya moshi imebanwa. Yakipata joto hutanuka zaidi na kulipasua jani la nje karibu na kaa. Msokotaji ndiye hulaumiwa, eti amekaza mno. Mara nyingi biri kama hiyo, ikikaa wiki 6 hadi 8 kwenye 65, hufunguka yenyewe na kuvutika vizuri. Ile iliyokazwa kweli haitabadilika.

Kuna pia suala la nafasi ya kukosea. Kipima cha kidijitali kukosea asilimia 2 au 3 ni jambo la kawaida. Cha mshale hukosea zaidi. Hivyo 70 inayosomwa inaweza kuwa 73, na ukungu hauko mbali, hasa joto likipita nyuzi 24, ambapo mayai ya dumuzi wa tumbaku nayo huanguliwa kwa urahisi. Anayelenga 65 akikosea kiasi hichohicho hapotezi kitu. Kupima ukweli wa kipima ni rahisi: jaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa, ilowanishe iwe kama mchanga mbichi bila maji kutuama, ifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa, siku nzima. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 72, ongeza 3 kila unapokisoma.

Kwenye kukomaa, upande wa 70 una hoja yenye uzito. Unyevu huharakisha uchachukaji, na biri changa inayonuka amonia inahitaji mabadiliko hayo. Kwa miezi michache ya mwanzo sioni ubaya wake. Kwa biri ya kuwekwa miaka, mwendo wa polepole wa 62 hadi 65 ndio unaotunza harufu laini, na haukuachii ukungu nyuma ya kisogo.

Anayehama kutoka 70 kwenda 65 asikaushe kwa papara. Aondoe sifongo la maji, aweke pakiti za kudhibiti unyevu za 65, moja ya gramu 60 kwa kila biri 25, na ajue kwamba ubao wa ndani ya sanduku, ambao kwa kawaida ni wa mti wenye harufu uitwao Cedrela odorata, nao umeshiba maji, hivyo pakiti za kwanza zinaweza kuvimba na kuhitaji kubadilishwa. Baada ya wiki 6, abonyeze biri taratibu kwa vidole viwili: ikibonyea kidogo na kurudi, imefika, ikibaki na alama ya kidole, bado imelowa, ikilia kama jani kavu, pakiti zimeisha au kifuniko kinavuja.