Shujaa wa levo ya 40 na ndoo ya maji

Jumapili moja nilifika kwa dada yangu nikamkuta mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, amekaa mbele ya laptopu mikono kichwani. "Shikamoo anko. Nimemuua mama wa watu."

Mama mwenyewe ni Toriel, kiumbe mwenye sura ya mbuzi katika gemu ya Undertale, iliyotoka mwaka 2015 na kutungwa na Mmarekani Toby Fox. Mtoto wa binadamu ametumbukia chini ya ardhi. Toriel anamwokota, anamshika mkono, anampa chumba, anamwokea pai. Mtoto anapotaka kuondoka, Toriel anamzibia mlango, na hapo mapigano yanaanza. Mpwa wangu, kwa mazoea ya gemu nyingine, alidhani atampunguza nguvu kidogo kidogo halafu amwachie. Pigo la mwisho likawa zito kuliko yote yaliyotangulia. Mama chini.

Akafanya anachofanya kila mchezaji: akarudi pale alipokuwa amesevu, yaani amehifadhi mchezo, akaanza pambano upya, safari hii akamwacha hai. Akashusha pumzi. Alipovuka tu akakutana na ua la njano lenye uso, Flowey, likamcheka: linajua alimuua, akajuta, akarudi nyuma kujisafisha.

"Anko, imejuaje?"

Kabla sijajibu, dada akadakia kutoka jikoni: "Huko ndani analilia mbuzi. Tangu asubuhi nimemwambia ajaze maji, ndoo ile pale haijainuka."

Je, gemu kama hii inaweza kumkuza kijana na kumfundisha uwajibikaji, au inampotezea muda tu? Nimeibeba kesi ile mpaka leo, maana kila mmoja wao ana hoja, na kwa kawaida ubishi huu huendeshwa vibaya pande zote mbili.

Gemu za aina hii, ambazo wachezaji huziita RPG, yaani gemu za kuigiza uhusika, zilitokana na mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons uliotoka Marekani mwaka 1974. Unavaa uhusika wa mtu fulani. Anaanza dhaifu, anapambana, anakusanya uzoefu, anapanda levo. Wanaozitetea huona hapo ndipo penye shule: kijana anajifunza kwamba jitihada huzaa matunda. Mimi nadhani wamesifia mahali pasipostahili. Levo ndiyo sehemu yenye uongo mwingi kuliko zote.

Chukua Skyrim ya mwaka 2011. Ujuzi humo hukua kwa kuutumia: ukifua chuma, unapanda katika ufuaji. Wazo zuri. Wachezaji walifanya nini? Walinunua vyuma na ngozi, wakasimama kwenye karakana wakafua majambia ya chuma yale yale, mamia kwa mamia, mpaka wakawa mafundi mahiri bila kumtengenezea mtu yeyote kitu alichokihitaji. Nenda Gerezani pale Dar es Salaam ukamtazame kijana anayejifunza kuchomelea. Naye anarudia kazi moja siku nzima, lakini akiharibu bati, bati lina mwenyewe. Mteja atakuja kesho kuchukua geti lake, na likipinda atasema mbele ya watu. Ufundi unamwingia kwa njia hiyo, na wakati mwingine hauingii kabisa, akahama akaenda kuendesha bodaboda. Kwenye gemu jasho halipotei kamwe. Mkulima wa Singida angependa sana kuhamia nchi ya namna hiyo, ambako ukishapanda mbegu mvua haina ruhusa ya kukosa.

Toby Fox aliliona hilo, na ameweka mtego. Katika Undertale kuna herufi mbili, LV, ambazo kila mchezaji huzisoma kama levo. Karibu na mwisho wa safari ndipo unapoambiwa maana yake: ni kipimo cha ukatili wako, umbali uliojiweka na wengine mpaka kuwaumiza kukawa rahisi. Muda wote uliodhani unakua, ulikuwa unaota sugu.

Kuna gemu zisizo na aibu kabisa katika hili. Genshin Impact, iliyotoka China mwaka 2020 na inayochezwa bure hata kwenye simu, inakupa kazi nne kila siku. Ukizifanya unapata vito, vito vinanunua bahati nasibu ya wahusika. Nafasi ya kupata mhusika wa nyota tano kwa jaribio moja ni asilimia 0.6, mara ya 90 unahakikishiwa. Asiye na subira anatoa pesa halisi. Kijana anayeamka alfajiri kutimiza kazi zake nne anaweza kuonekana ana nidhamu. Wajibu anao, ni kweli, ila ni wajibu kwa duka.

Kwa hiyo kwenye ukuaji, dada ameshinda. Kwenye uwajibikaji nasita kumpa kesi yote.

Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa Ultima IV, gemu isiyo na adui mkuu wa kuua mwishoni. Lengo lake ni kuishi fadhila nane, uaminifu, huruma na unyenyekevu zikiwamo. Humo wamo wauzaji wasioona wanaouza vitu vya uganga. Wao hukutajia bei, na wewe mwenyewe unaandika kiasi unacholipa. Unaweza kuweka senti moja ukaondoka. Hakuna polisi, hakuna kelele. Gemu inaandika kimya kimya, na baadaye sana, unapotaka kutambuliwa kuwa mwaminifu, unakuta mlango umefungwa na huelewi kwa nini. Huo naukubali kuwa ni mtihani, kwa sababu haukutangazwa kuwa mtihani.

Gemu nyingi zilizofuata ziliharibu hapo kwa kuutangaza. Mass Effect ilikuwekea mzani wa wema na ukali, ukiona pointi zako zikipanda. Mmoja wa waliokuwa watengenezaji wake, John Ebenger, alieleza mwaka 2020 kwamba asilimia kama 92 ya wachezaji walikwenda njia ya wema. Wapo wanaofurahi kuisikia namba hiyo. Mimi najiuliza wema huo uligharimu nini. Ukijua kila tendo jema lina pointi, na ukikosea unarudi kwenye sevu, hata fisi angechunga mbuzi.

Kitufe hicho cha kurudi nyuma ndicho kiini cha ubishi wote, na sijui kwa nini wachambuzi hukipita. Chaguo linalofutika ni jaribio tu. Anayecheza huku amejiapiza kutorudi nyuma anacheza gemu tofauti kabisa na jirani yake anayesevu kila dakika mbili, ingawa wamenunua kitu kile kile. Gemu yenyewe haifundishi uwajibikaji. Inampa nafasi anayetaka kujifunza, na inampa asiyetaka mlango wa uani.

Halafu liko neno lenyewe. Kwetu Tanzania, mtu akisema kiongozi "awajibike", mara nyingi anamaanisha ajiuzulu. Wazee watakukumbusha habari ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeuachia uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Hakuwagusa yeye. Waliohusika walikuwa chini ya wizara yake, basi. Gemu karibu zote hazina nafasi ya jambo hilo. Humo unalipa kwa kitufe ulichobonyeza wewe, na matokeo yanafuata kwa mstari ulionyooka. Ya kulipia lililofanywa na wengine, au lililofanywa na wewe ukiwa hujijui, hayaingii vizuri kwenye hesabu za pointi.

Ninayoijua iliyothubutu ni Disco Elysium ya mwaka 2019, kazi ya waandishi wenye asili ya Estonia. Unaamka sakafuni chumbani hotelini, umelewa mpaka umesahau jina lako. Wewe ni mpelelezi. Nyuma ya hoteli kuna maiti imening'inia mtini kwa siku saba, na wewe uliyetumwa kuishughulikia umekuwa ukinywa. Umevunja vitu, unadaiwa. Bastola hujui iko wapi, kitambulisho vilevile. Kuna mahali unaweza kupiga redio kituoni kwako kuripoti kwamba umekipoteza, na wenzako wanakucheka mpaka unatamani kukata. Nilipofika hapo niliweka kipanya chini nikaenda kuchemsha chai. Hakuna adui wa kupiga, hakuna levo itakayokuokoa na kile kicheko. Upo wewe na alichokifanya mtu yule, ambaye kwa bahati mbaya ni wewe. Ukishindwa jambo humo, hadithi haikurudishi nyuma, inaendelea na kushindwa kwako. Hapo nilimwona mtu mzima akikua, na alikuwa anakua kwa kupunguza visingizio.

Dada angesema: sawa, lakini maji nani atajaza? Ana haki. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kushindwa kujizuia kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujidhibiti, kama gemu imetangulia mbele ya kila kitu, na kama anaendelea hata anapoumia, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mpwa wangu hayupo huko, mbali kabisa. Ila maelezo yale yanaonyesha kitu: kinachopimwa ni kilichobaki bila kufanywa nje ya gemu, si ubaya wa hadithi iliyomo ndani.

Na kuigiza ili ukue hakukuletwa na kompyuta. Jandoni na unyagoni watu walipewa mafumbo, nyimbo na maigizo ya kuwaingiza utu uzima. Tofauti ni kwamba ukitoka kule, kijiji kizima kilijua umefundwa nini. Ukikosea, unaulizwa: hukufundwa? Mchezaji wa gemu anatoka humo na mafunzo ambayo hakuna anayeyajua, kwa hiyo hakuna wa kumdai. Flowey ndiye shahidi wake pekee, na Flowey hawezi kutoka kwenye kioo akauliza habari za ndoo.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Kijana alikuwa ameijaribu njia ile nyingine ya Undertale, ya kuua wote, "kuona tu inakuwaje". Mwisho wake ulimwengu unafutwa, na ili uupate tena unatakiwa kuitoa roho yako. Akaitoa. Tangu hapo, hata akicheza kwa wema mwanzo mpaka mwisho, mwisho ule mwema unabaki na doa. Watundu wa kompyuta wanajua faili linalotunza kumbukumbu hiyo na wanalifuta kwa sekunde mbili.

"Unajua lilipo?" nikamuuliza.

"Najua."

"Umelifuta?"

Akatazama kioo, akatazama jikoni. "Bado, anko." Kisha akainuka kwenda kuchukua ndoo, maana mama yake alikuwa ameshaita mara ya tatu.