Guillaume Tell aliyeshuka jukwaani akampiga mtu

Ukiniuliza ni filamu gani ya zamani ya Kifaransa iliyomtendea haki Guillaume Tell, yule mlenga shabaha wa hekaya za Uswisi, sitakutajia ile ya heshima. Nitakutajia kichekesho cha mwaka 1898 cha Georges Méliès, Guillaume Tell et le clown, chenye urefu wa kama dakika moja. Najua wapo watakaosema huo ni mchezo wa sarakasi tu, hekaya iko wapi? Subirini kidogo.

Kinachoonekana ni hiki. Mchekeshaji wa sarakasi anasimamisha sanamu ya Tell ili ailenge kwa upinde wa kifyatulio, kama vile Tell mwenyewe alivyolenga. Akishageuka kujiandaa, sanamu inapata uhai na kumchokoza. Anageuka, anakuta imetulia tuli. Mwisho sanamu inashuka na kumpa kipigo cha haja. Imekwisha hiyo.

Sasa hekaya yenyewe. Gavana Gessler anatundika kofia yake juu ya mti katika mji wa Altdorf, jimbo la Uri, na kuamuru kila apitaye aiinamie. Tell anapita zake. Anakamatwa, na adhabu yake ni kulipiga kwa mshale tufaha lililowekwa juu ya kichwa cha mwanawe. Analipiga, mtoto hadhuriki. Lakini Gessler amegundua kwamba Tell alikuwa ameweka tayari mshale wa pili, akamuuliza ulikuwa wa nini. Tell anamjibu: kama ningemgusa mwanangu, huu ulikuwa wako.

Kwangu mimi, hekaya yote inasimama kwenye jibu hilo. Tufaha ni onyesho la ustadi, na mafundi wa kulenga wako wengi. Mtu aliyefungwa mbele ya bunduki za dola (au mikuki, kwa zama zile) kumwambia mtawala usoni kwamba nilipanga kukuua, hilo ndilo lililomfanya Tell awe Tell. Na hilo ni neno la mdomoni. Sinema bubu italifanyaje?

Mwaka 1903 kampuni ya Pathé ilitoa Guillaume Tell iliyoongozwa na Lucien Nonguet, na hii haikuwa na mzaha. Pathé wakati huo walikuwa wakisimulia visa vikubwa kwa mandhari moja baada ya nyingine, kamera imesimama mahali pamoja kama mtazamaji aliyekata tiketi ya kiti cha katikati. Maandishi mafupi ya kutaja tukio ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuzoeleka. Kwa mtindo huo, kuinamia kofia kunaonyeshwa, tufaha linaonyeshwa, lakini mshale wa pili ni mkono tu unaonyoosha kitu, na mtazamaji ajijazie mwenyewe.

Wafaransa waliweza kujijazia. Tell hakuwa mgeni Paris. Mwaka 1793, katikati ya mapinduzi yao, mtaa mmoja wa kiutawala wa jiji hilo ulibadilishwa jina ukaitwa Guillaume-Tell, na mwaka huohuo Bunge la Mapinduzi likaagiza tamthilia yake iwe miongoni mwa zile za kuonyeshwa kwa wananchi. Opera ya Mwitaliano Rossini kumhusu Tell ilizinduliwa hukohuko Paris mwaka 1829, kwa Kifaransa. Kwa hiyo aliyeingia kwenye hema la maonyesho mwaka 1903 alikuwa na kisa kichwani tayari. Asiyekijua naye mara nyingi alikuwa na msaada, maana kulikuwa na watu waliosimama kando ya pazia wakieleza kwa sauti kinachoendelea. Waliokulia kwenye vibanda vya video wakimsikiliza Lufufu Dar es Salaam, au DJ Afro kule Kenya, hawahitaji kuelezwa mtu huyo anavyoweza kuipa filamu uhai ambao haikuja nao.

Méliès hakuupigania mshale wa pili hata kidogo. Alikuwa mwanamazingaombwe, mwenye ukumbi wa Robert-Houdin alioununua mwaka 1888, na alijua mashine yake inaweza nini. Kamera yake ilizungushwa kwa mkono. Anasimamisha kuzungusha, mchekeshaji anaganda palepale alipo, asitikisike hata kidole, sanamu inaondolewa, mtu hai aliyevaa vilevile anapanda na kukaa mkao uleule, mzunguko unaendelea. Baadaye filamu inakatwa mahali hapo kwa mkasi na kuunganishwa kwa gundi, ili ule mruko usionekane. Ukitazama taratibu utaiona nukta yenyewe. Ukitazama kwa mwendo wake utaona kinyago kimekuwa mtu.

Na kinyago kilichokuwa mtu kinafanya nini? Kinakataa kulengwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoona upuuzi mtupu. Katika hekaya tunamshangilia baba, tunamlaani gavana, na mtoto tunamtumia kama kinara cha kuwekea tunda. Mwandishi Mjerumani Schiller katika tamthilia yake ya 1804 kumhusu Tell alimpa mtoto Walter ushujaa, asimame bila kufungwa macho, lakini bado kazi yake ni kusimama. Méliès kamweka Tell mwenyewe mahali pa mwanawe, kisha akamruhusu ashuke. Sidhani kama alikaa akayafikiria hayo, alitaka watu wacheke. Lakini kazi ya mtu haifungwi na nia yake, na mimi nikiitazama namwona shujaa aliyechoka kugeuzwa maonyesho.

Wapo wasiotaka shujaa wao aguswe. Mwaka 1760 kilitoka kijitabu cha Kifaransa kilichodai kwamba Tell ni ngano ya Kidenmaki, na hoja haikuwa ya hewani: kisa cha baba kulenga tufaha juu ya kichwa cha mwana kimo katika maandishi ya Saxo Grammaticus, Mdenmaki wa karibu mwaka 1200, na mlengaji wake anaitwa Toko. Huyo naye aliweka mishale ya akiba na kutoa jibu lilelile. Watu wa Uri walijibu kwa kukichoma kijitabu hadharani. Wangekutana na mchekeshaji wa Méliès, naona wangechoma na kamera.

Anayetaka kuzitazama zote mbili aanze na ya Pathé, ajue kisa. Kisha aiweke ya 1898 na aitazame mara mbili: ya kwanza acheke, ya pili amtazame huyo mchekeshaji peke yake, jinsi anavyojitahidi kuwa palepale alipo kabla na baada ya kamera kusimamishwa.