Nisubiri Niangalie Salio

Meseji ilikuwa na kila kitu: namba ya muamala, jina la mtumaji kwa herufi kubwa, tarehe na saa. "Umepokea TSh 480,000.00." Mwishoni ikaniarifu kwamba salio langu jipya ni TSh 1,236,150.00. Laini yangu wakati huo ilikuwa na shilingi 7,400. Nakumbuka vizuri kwa sababu asubuhi yake nilitaka kununua umeme wa luku wa elfu kumi nikashindwa. Hesabu ya darasa la pili ingeniokoa, lakini sikuipiga. Getini kulikuwa na bodaboda, pikipiki inanguruma, kofia hajavua, na kwenye simu mteja ananihimiza: "Kaka, mpe huyo kijana awahi, basi la Morogoro linaondoka saa nane."

Nikampa. Laptopu HP EliteBook niliyoitunza miaka minne, chaja yake, na begi nikaongezea bure.

Tangu siku hiyo kila ninayemsimulia ananiuliza swali lile lile: hukuona kwamba meseji imetoka kwenye namba ya kawaida? Meseji ya kweli huja kwa jina la huduma yenyewe. Niliona. Nasema ukweli, kitu kilinigusa moyoni, nikasita pale mlangoni na begi mkononi. Ila mtu huyu alikuwa ananiita kaka tangu saa tatu asubuhi. Alishaniuliza habari za watoto. Kumwambia "subiri kwanza nihakikishe kama hela yako imeingia" niliona ni kama kumwita mwizi. Nikaona haya, na ile haya ndiyo iliyoniponza.

Ndiyo maana sikubaliani na ule usemi wa mtaani kwamba anayetapeliwa ana tamaa. Mtu anayeambiwa aweke laki moja apate laki tano kwa wiki, sawa, mseme mtakavyo. Lakini muuzaji wa kitu chake mwenyewe anatamani nini? Mimi nilitaka 500,000, nikapunguza 20,000. Niliuza kwa hasara! Tapeli wa vifaa vilivyotumika hawindi tamaa yako, anawinda ustaarabu wako. Anajua tumelelewa tusimwoneshe mgeni kwamba hatumwamini, na tusimsimamishe mtu mlangoni. Hapo ndipo anapopitia.

Na zile dalili tunazofundishana, nyingi anazijua kuliko sisi. Wanasema asiyeomba kupunguziwa bei muogope. Wangu aliomba. Alilalamikia hata betri, akaniuliza inakaa saa ngapi, akanung'unika kidogo kuhusu mkwaruzo wa pembeni niliokuwa nimeupiga picha. Nilimwona mnunuzi makini. Kumbe mwenzangu alikuwa kazini.

Rafiki yangu mmoja alipatikana kwa namna nyingine, na hii ndiyo inayonitisha zaidi kwa sababu ndani yake hakuna meseji ya uongo hata moja. Alitangaza simu kwenye kundi la WhatsApp. Akapiga mtu, wakaelewana bei, kisha akasema, "Atakuja mpwa wangu kuichukua, usimtajie bei maana ni zawadi." Kwa upande wa pili, yule yule mtu alichukua picha za rafiki yangu, akaitangaza simu hiyo hiyo kwa bei ya chini kidogo, akampata mnunuzi wa kweli, akamwambia, "Nenda kwa mdogo wangu uikague. Usiongelee pesa naye, biashara ni mimi na wewe." Wawili hawa wakakutana, wakasalimiana vizuri, simu ikakaguliwa. Mnunuzi akaridhika, akatuma hela kwa tapeli, kisha akataka kuondoka na simu. Rafiki yangu anasema sijalipwa. Mwenzake anaonesha muamala, na muamala ni halali kabisa. Walikaribia kushikana mashati. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mwizi. Yule mwenye kosa alikuwa ameshazima laini.

Fikiria, sentensi moja tu ingevunja mchezo wote: "Samahani, wewe umeambiwa bei gani?" Hakuuliza kwa sababu aliombwa asiulize, na kuheshimu ombi la mtu ni adabu. Siku hizi nikiambiwa anayekuja asitajiwe bei, huyo namtajia kabla hajakaa.

Kuna na wale wa "nimezidisha". Inaingia meseji ya kughushi kwamba umetumiwa laki saba badala ya tano, kisha anapiga mtu mwenye sauti ya kilio: mama yuko hospitali, tafadhali nirudishie hizo laki mbili. Unarudisha hela yako mwenyewe. Wengine wanakuambia kuna ujumbe utatokea kwenye simu yako, weka namba ya siri ili pesa iingie. Kupokea pesa hakujawahi kuhitaji namba ya siri, kutuma ndiko kunakoihitaji. Na ukiombwa usome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "ili nijue wewe ni muuzaji wa kweli", jua hizo ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Kesho yake ndugu zako wote watakuwa wanaombwa mkopo kwa jina lako.

Basi mimi nafanyaje sasa? Nimeacha kuziamini meseji, hata zinazokuja kwa jina la huduma, maana jina nalo linaweza kughushiwa. Napiga menyu ya mtandao wangu kwa mkono wangu, naangalia salio kabla na naangalia tena baada. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo malipo. Meseji na simu za mteja hazina kitu cha kuniambia.

Mteja wa mjini namwomba tukutane kwa wakala wa pesa za simu, siyo nyumbani kwangu. Hili napenda kulisisitiza kwa sababu watu wengi wanataja mahali penye watu, wanaishia hapo. Penye watu unaweza kuibiwa vilevile, Kariakoo ina watu. Uzuri wa wakala ni kwamba anashika noti kutwa nzima, bandia anaijua kwa vidole. Mteja akija na taslimu, wakala anahesabu, anaiweka kwenye laini yangu hapo hapo, naondoka mfukoni nikiwa na nauli tu. Namwachia elfu mbili ya soda. Ni bima ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua.

Pia tunaandikishana. Karatasi ya daftari inatosha: majina, namba za vitambulisho, bei, tarehe, namba ya mashine, saini mbili. Kwa simu, unabonyeza *#06# na unaandika ile IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ya tarakimu 15. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Kwanza, ipo huduma ya kumrudishia mtu pesa aliyotuma kwa makosa, huduma nzuri tu, lakini kuna anayeichukua simu yako kisha anapiga huduma kwa wateja kudai alikosea namba. Wakikupigia kukuuliza, uwe na cha kuonesha. Pili, mnunuzi akirudi baada ya siku tatu na simu "mbovu", unalinganisha namba kabla hamjaanza kubishana. Kwa upande wake naye mnunuzi ana haki ya kuituma hiyo IMEI kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ajue kama simu ni halali. Mteja akifanya hivyo mbele yako usinune.

Habari ya kufuta picha zako na kutoa akaunti zako kwenye kifaa mnaijua. Ila fanyeni baada ya pesa kuonekana, siyo usiku wa kabla, maana simu iliyokwisha kusafishwa ikiporwa ni zawadi kwa mwizi.

Mimi nilikwenda polisi, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kisha nikaituma namba ya yule tapeli kwenda 15040 kama TCRA wanavyotuelekeza kwa namba za matapeli. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu ambaye nina hakika hajui kwamba ana laini hiyo. Tangu siku hiyo huwa napiga *106# mara moja moja kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nisije nami nikawa mtu huyo kwenye jalada la mwingine. Bodaboda tulimpata. Alikodiwa kwa simu, akalipwa elfu nane taslimu pale stendi ya Mbezi na kijana aliyevaa barakoa. Alikuja nyumbani kuniomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Mwezi uliopita nimeuza televisheni ya inchi 32. Mnunuzi alikuwa mama mmoja wa makamo, kaja na binti yake, na kwa kuwa televisheni haibebeki kwenda kwa wakala, tulimalizana sebuleni. Akatuma hela. Meseji ikaingia, jina sahihi, kiasi sahihi. Nikamwambia, "Mama, nisubiri kidogo niangalie salio." Nilihisi ile haya ya zamani inapanda shingoni.

"Angalia, mwanangu," akasema, akavuta kiti. "Na mimi sibebi kitu sijakiona kinawaka."

Salio likasoma sawasawa. Tukachomeka televisheni, taa nyekundu ikawaka, nikampa rimoti. Akabonyeza, akabonyeza tena, akanitazama. Rimoti ilikuwa haina betri.